Nta Ingali Nzima, Maji Ndiyo Yaliyokufa: Kuifufua Taa Kuukuu ya Lava

Taa ya lava, ile chupa ya kioo ambamo madonge ya nta hupanda na kushuka ndani ya maji juu ya balbu, ikikaa kabatini miaka mingi huonekana mfu hata kabla haijachomekwa kwenye umeme. Maji yake yamejaa ukungu, rangi imechujuka, na mwenye taa akiiwasha huona donge moja limejikalia chini huku vitone vya nta vimerundikana juu yake kama mayai ya chura. Wengi huishia hapo na kuitupa. Mimi huona kwamba wanatupa kitu kizima. Katika taa nyingi kuukuu kilichoharibika ni maji, na maji ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha. Nta, ambayo ndiyo hubebeshwa lawama, mara nyingi haina kasoro yoyote, na tena ndiyo sehemu pekee ya taa hiyo ambayo mtu wa kawaida hawezi kuitengeneza nyumbani bila kujihatarisha. Ukikubali jambo hilo tangu mwanzo, kazi nzima hubadilika sura: unaacha kutafuta namna ya kuunda taa upya na kuanza kutafuta maji yatakayoelewana na nta uliyo nayo.

Inafaa kwanza kuelewa kinachoifanya nta ipande na kushuka. Ndani ya chupa mna vitu viwili visivyochanganyika, yaani nta iliyotiwa dawa ya kuiongezea uzito, na maji yaliyotiwa vitu vya kuyarekebisha. Taa ikiwa baridi, nta huwa nzito kidogo kuliko maji, kwa hiyo hulala chini. Balbu ikiwaka, joto hupenya kitako cha chupa, nta huyeyuka na kutanuka, na kwa kuwa hutanuka zaidi kuliko maji yanayoizunguka, hufika mahali ikawa nyepesi kuyashinda na kuanza kupanda. Huko juu, mbali na balbu, hupoa, hunywea, huwa nzito tena na kushuka. Chini kabisa kuna koili ya waya ambayo watu wengi huidhania kuwa kipuri kilichochomoka mahali fulani. Kazi yake ni kusambaza joto ndani ya nta na kuipasua ngozi ya madonge yanayoshuka ili yaungane tena na nta iliyo chini. Koili ikilala upande au ikinasa mahali pasipo pake, madonge hayo hukaa yamegusana saa nzima bila kuungana.

Mwendo wote huo hutegemea tofauti ndogo mno. Maji yakipashwa moto kutoka nyuzi 20 hadi 50 za Selsiasi, densiti yake hushuka kutoka gramu 0.998 hadi 0.988 kwa sentimita moja ya ujazo, yaani kiasi cha asilimia moja tu, na nta hulazimika kuvuka mpaka huo mwembamba kwenda na kurudi kila inapopanda na kushuka. Nta ya kawaida ya mishumaa ina densiti ya karibu 0.9. Hiyo itaelea juu ya maji ikiwa baridi na itaelea ikiwa moto, wala hakuna balbu itakayoishawishi ishuke. Ndiyo maana mtu anayemwaga nta yake kuukuu na kuweka mshumaa uliokatwakatwa hupata chupa ya maji yenye kifuniko cha nta juu, akabaki kushangaa amekosea wapi.

Watengenezaji walilitatua tatizo hilo kwa kemikali nzito zenye klorini. Mwingereza Edward Craven Walker, ambaye taa yake ya Astro iliingia sokoni mwaka 1963 kupitia kampuni yake ya Crestworth mjini Poole, alipata wazo hilo baada ya kuona katika baa kifaa cha kupimia muda wa kuchemsha yai, kilichoundwa kwa vimiminika viwili ndani ya chombo kimoja. Hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya Marekani iliyotolewa mwaka 1968 kwa taa za aina hiyo inataja mafuta ya madini, nta ya parafini na kaboni tetrakloridi. Hiyo ya mwisho ina densiti ya karibu 1.59, kwa hiyo kiasi kidogo chake hutosha kuizamisha nta. Ni pia sumu inayoharibu ini, ambayo mvuke wake hudhuru bila hata kumezwa, na mwaka 1970 bidhaa za nyumbani zenye kemikali hiyo zilipigwa marufuku nchini Marekani. Ushauri wangu hapa hauna masharti: taa ya miaka ya 1960, au taa ambayo umri wake haujulikani lakini umbo na maandishi yake yanaelekea huko, isifunguliwe. Isafishwe kwa nje, ibadilishiwe waya, iwekwe rafuni na kutazamwa. Thamani yake iko katika kuwa kamili, na maji yenye ukungu hayaipunguzii heshima.

Kwa sababu hiyo hiyo siwapendekezei watu mapishi ya nta mpya yanayozunguka kila mahali. Baadhi yake hutumia tetrakloroethilini, ile inayotumika kwa wadobi wa nguo zisizofuliwa kwa maji na katika baadhi ya dawa za kusafishia breki za magari, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mengine huacha nta kabisa na kutumia mafuta ya madini ndani ya spiriti iliyochanganywa na maji. Mchanganyiko huo kweli hupanda na kushuka, tena kwa madaha, lakini ni chupa ya kimiminika kinachoshika moto iliyokalishwa juu ya balbu ya moto kwa saa nyingi, na sioni pambo linalostahili jambo hilo.

Kabla ya kufungua chochote, ichunguze balbu. Nina hakika kwamba taa nyingi zinazoitwa mbovu zina balbu isiyo yake. Chupa ndogo kwa kawaida hutaka balbu ya wati 25, na ile ya lita moja na nusu hivi hutaka wati 40. Maandishi yaliyo chini ya kitako ndiyo ya kufuatwa. Ikiwa na balbu dhaifu, nta hunyanyuka kidogo na kubaki hapo hapo. Ikiwa na kali mno, hupanda yote na kukaa juu au kukatikakatika kuwa vitone. Balbu ya LED haifai hata ikiwa na mwanga mzuri namna gani, kwa sababu uzuri wake kwingineko ndio ubovu wake hapa, yaani haitoi joto la kutosha. Kinachohitajika ni balbu ya zamani yenye uzi wa chuma unaowaka.

Baada ya balbu, ipe taa muda. Saa mbili hadi nne za kupata moto ni jambo la kawaida, na taa iliyokaa miaka bila kuwashwa inaweza kuhitaji mizunguko kadhaa ya kuwaka kutwa na kupoa usiku kucha kabla ukungu haujatulia. Usiitikise wala kuihamisha ikiwa moto, maana nta iliyoyeyuka huchanganyika na maji kuwa uji mweupe ambao huenda usitengane tena. Wala usijaribu kuiharakisha kwa moto wa nje. Mwaka 2004, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kijana mmoja alifariki baada ya taa ya lava aliyoiweka juu ya jiko kulipuka na kipande cha kioo kumchoma moyoni. Chupa iliyozibwa haina pa kutolea shinikizo, na jiko halijui kikomo ambacho balbu ya wati 40 inakijua.

Ikiwa balbu ni sahihi, koili imelala vizuri, muda umetolewa wa kutosha na maji bado ni ya maziwa au yamebadilika rangi, basi ni haki kufungua. Chupa iwe baridi kabisa na nta iwe imeganda kitakoni. Bandika kipande cha utepe nje ya kioo mahali maji yalipofika, kwa kuwa nafasi ya hewa iliyoachwa juu haikuachwa kwa bahati. Maji yakipata moto hutanuka, na chupa iliyojazwa hadi mdomoni hukisukuma kizibo chake. Kizibo chenyewe kwa kawaida ni cha bati, cha aina ile ya chupa za soda, na hufunguliwa kwa opena, ila kwa subira: unakiinua kidogo upande huu, unaizungusha chupa, unakiinua kidogo upande ule, mpaka kiachie chenyewe. Mdomo wa kioo ukimeguka, hakuna kizibo kitakachoziba tena sawasawa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulipuuza na baadaye hulijutia. Kabla ya kumwaga maji ya zamani, weka kiasi chake kwenye chupa safi. Yatakuonyesha rangi ya awali, ingawa imefifia, na zaidi ya hapo yatakuambia uzito unaotafutwa. Pima mililita 100 za maji hayo kwa bomba la sindano, uyaweke kwenye mizani ya jikoni inayosoma sehemu za gramu, kisha fanya vivyo hivyo kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke wa maji. Maji safi yatasoma karibu gramu 100 kasoro kidogo. Ya zamani, ambayo huenda yana chumvi au glikoli (kimiminika kama kile cha kuzuia maji ya injini yasigande) ndani yake, kwa kawaida yatazidi kidogo, na ziada hiyo ndiyo ramani yako. Haitakufikisha kwenye jibu kamili, kwa sababu glikoli pia hubadilisha jinsi maji yanavyotanuka na kipimo chako ni cha maji baridi, lakini itakuonyesha kama safari ni ndefu au fupi.

Maji yaliyobaki yamwage polepole kupitia chujio laini ili vipande vya nta vilivyokatika visipotee. Kila kipande ni sehemu ya uzito wa nta na virudishwe vyote. Kwa kuwa huwezi kujua kwa hakika kilichomo, hasa kama mtu mwingine aliwahi kuifungua taa hiyo kabla yako, yashughulikie kama kemikali: vaa glavu, fungua madirisha, wala usiyaache mahali ambapo mtoto au mnyama anaweza kuyaonja. Baadhi ya aina za glikoli zina utamu unaovutia na ni sumu.

Suuza kwa maji yaliyokenekwa yasiyo ya moto, ukiizungusha chupa taratibu, na urudie mpaka yatoke angavu. Maji ya bomba hayafai hata kwa kusuuza mara ya mwisho, kwa sababu madini yake hubaki na kuleta ukungu ule ule unaoukimbia. Maji ya moto nayo huilainisha nta na kuianzishia matatizo mapya. Utando mweupe ulioshika kioo juu ya nta hutoka kwa brashi laini ya chupa. Nta yenyewe usiiguse. Ukimaliza, jaza maji mapya hadi karibu na alama ya utepe, ukiacha nafasi ya vidole viwili hivi kwa ajili ya yale yatakayoongezwa, funika mdomo kwa foili iliyolegea, kisha washa balbu.

Kuanzia hapo kazi ni ya kusawazisha, na hapa ndipo penye raha yote. Katika maji matupu nta haitapanda, nalo si kosa, kwa kuwa ilitengenezwa iwe nzito kidogo kuliko maji yaliyokuwa na viungo vyake, na wewe umeviondoa. Itayeyuka, itang'aa, itajivimbisha katikati na kutulia. Pengine itang'ang'ania kioo pia, kwa sababu umemwaga pamoja na maji ile dawa iliyokuwa ikiizuia isigande ukutani. Chukua tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo isiyo na rangi, uliyeyushe katika kijiko cha maji yaliyokenekwa, kisha utie sehemu tu ya maji hayo. Sabuni ni kitu cha kuogopwa hapa. Kidogo chake huifanya nta iteleze vizuri na kujikata kwa mviringo. Ikizidi, nta husambaratika kuwa mamia ya vitone visivyotaka kuungana, na dawa ya hilo ni kumwaga maji yote na kuanza tena.

Kisha huja chumvi. Mimi hutumia magnesiamu salfeti, ile iitwayo chumvi ya Epsom, badala ya chumvi ya mezani, kwa kuwa ya mezani huila koili na kizibo kwa kutu, na mara nyingi huwa imetiwa vitu vya kuizuia isishikamane ambavyo huyachafua maji. Yeyusha ya kutosha katika maji yaliyokenekwa yenye joto mpaka upate maji mazito ya chumvi, yachuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, yaache yapoe. Taa ikiwa imekwisha pata moto kamili, ingiza mililita chache kwa bomba la sindano, ukiyaachia karibu na uso wa maji. Utayaona yakishuka, maana mahali maji mazito yanapopita ndani ya maji mepesi mwanga hupinda na kuonyesha michirizi inayocheza. Huzama hadi usawa wa nta, huizunguka, na baada ya muda mzunguko wa joto huyasambaza chupa nzima. Usikoroge. Ngoja nusu saa au zaidi, utazame, ndipo uongeze.

Kwa muda hakuna kitakachotokea, na hapo ndipo mkono huwasha kutaka kuongeza mara mbili. Uzuie. Ishara ya kwanza ni ndogo: uso wa nta, uliokuwa bapa, huanza kuinuka upande mmoja. Baadaye hutoa shingo fupi ambayo hupanda, husita, hurudi. Mililita chache tena, na ile shingo hurefuka mpaka nusu ya chupa, hukonda katikati, na kipande cha juu hukatika na kupanda peke yake. Kikipanda hadi juu, kikakaa kidogo, kikashuka na kumezwa tena chini, umefika au umekaribia sana. Kikipanda na kukataa kushuka, chumvi imezidi. Toa maji kiasi kwa bomba la sindano, weka yaliyokenekwa matupu mahali pake, na usubiri upya. Kosa la aina hii hurekebishika bila hasara yoyote, tofauti na lile la sabuni.

Usitoe hukumu kabla taa haijawaka saa tatu au nne, wala usiamini mwendo wa siku moja. Chumba chenye baridi huifanya nta ishuke mapema, na chenye joto huichelewesha juu, kwa hiyo mizani inayoonekana kamilifu usiku inaweza kuwa nzito kidogo au nyepesi kidogo mchana. Mimi hupendelea kuiacha upande wa uzito kidogo, kwa sababu taa inayochelewa kuanza hatimaye huanza, ilhali ile ambayo nta yake hukimbilia juu na kubaki huko hukuchosha kuitazama.

Rangi ya maji iwe ya mwisho kabisa. Matone machache ya rangi ya chakula yatatosha, nayo yatafifia baada ya muda, hasa taa ikikaa palipo na jua. Rangi ya nta ni habari nyingine: huhitaji rangi inayoyeyuka katika mafuta, ya kutengenezea mishumaa, na kwa maoni yangu nta iliyofifia iachwe ilivyo. Nta iliyochakaa rangi ndani ya maji angavu ina haiba yake, na kila kitu kipya unachokitia ndani ya nta ni nafasi ya kuiharibu.

Kazi ya chuma na umeme haina mengi. Kitako cha alumini husafishwa kwa kitambaa laini na dawa ya kung'arishia, bila msasa. Waya uliokauka na kupasuka ubadilishwe wote badala ya kuviringishiwa utepe, na kishikilia balbu kilichoungua kibadilishwe pia, kwa kuwa taa hii huwaka saa nyingi mfululizo na joto lake hukaa mle mle ndani ya kitako. Hata ikiwa imetengenezwa vizuri, isiwashwe zaidi ya saa nane au kumi kwa mara moja. Nta ikianza kukusanyika juu na madonge kuwa madogo, imeshiba joto na inataka kuzimwa.

Kizibo ndicho cha mwisho, na nashauri kisibanwe mpaka taa iwe imepita mizunguko kadhaa ya kuwaka na kupoa bila kuhitaji marekebisho, kwa sababu ukungu mwepesi wa siku za mwanzo kwa kawaida huisha wenyewe, na mara nyingi nta hutaka mililita mbili tatu za ziada baada ya maji kutulia. Pima upana wa mdomo kabla ya kununua, kwani vizibo vya bati haviko vya ukubwa mmoja, ongeza maji hadi kwenye alama ya utepe kama yamepungua kwa mvuke, kisha kibane kwa mashine ya mkono asubuhi, chupa ikiwa imepoa usiku kucha na nta imeganda yote kitakoni.